Tundu Lililopotea Murara

Kwa miaka ishirini na miwili ya kazi, Inspekta Donat alikuwa ametafuta ng'ombe kule Kiwanja, jenereta iliyohama wenyewe wakiwa wamelala, na safari moja bwana harusi aliyejificha ndani ya pipa la mawese. Huyo alipotolewa, alikuwa anateleza kiasi kwamba polisi wanne walimshika na wote wanne wakabaki na mikono mitupu. Lakini tundu hakuwahi kutafuta. Sasa, Alhamisi saa tatu asubuhi, tundu ndilo lilikuwa kesi yake.

Juu ya meza ya ofisi palikuwa na shali moja. Ilikuwa nyekundu kama kahawa iliyoiva mtini, nyepesi kiasi kwamba mtu akikohoa inajigeuza upande wa pili. Pembeni zote ilizungukwa na maua yaliyoshonwa kwa sindano, madogo, kila moja kama tone la maji lililopinda shingo. Kushoto kwa meza aliketi Mama Nyirakamana, mjane wa Katoyi, mikono kifuani. Kulia aliketi Muzee Rasuli, fundi wa Kikashmiri aliyekaa Murara miaka tisa, ndevu nyeupe, miwani miwili: mmoja machoni, mwingine kwenye paji la uso.

"Mama, rudilia polepole, Ernestine aandike," alisema Donat.

Ernestine, sekretari wa ofisi, alinyoosha vidole juu ya mashine yake.

"Nilimupatia shali yangu juu atengeneze tundu," alisema Mama Nyirakamana. "Nilikuwa napika ku mbabula, cheche iliruka, ikatoboa. Tundu kubwa kama haragi moja, na mukia kidogo, juu cheche ilibingirika mbele ya kuzimika. Jana naenda kutwaa shali, ananipatia hii. Angalia mwenyewe, Inspekta. Tundu iko wapi?"

"Si ulimupatia atengeneze?"

"Njo."

"Na ametengeneza."

"Papa, usinichekeshe! Mutu akipasuliwa ku hospitali anabakiaka na kovu. Suruali ikishonwa inabakiaka na kovu. Hii haina hata alama. Yangu ilikuwa inakwaruza kidogo, hii inateleza kama shavu la mutoto. Yangu ilikuwa na harufu ya nyumba yangu, hii haina harufu. Amebadilisha. Ile ya kweli ameshauzisha mbali, mimi amenipatia ingine."

Donat akamgeukia fundi. "Muzee Rasuli, kesi ndogo hii. Tuonyeshe pahali ulishona, tuende kunywa chai."

"Siwezi, Inspekta."

"Kwa nini?"

"Sababu ya kwanza, kwetu fundi wa kazi hii haonyeshi. Akionyesha, jicho litaenda pale kila siku, na kazi imekufa." Muzee alishusha miwani ya pili juu ya ile ya kwanza, akaitazama shali, akairudisha miwani juu. "Sababu ya pili, hata mimi sijui tena ni wapi."

Ernestine aliacha kuandika. Mama Nyirakamana akapiga makofi mara moja, kama mtu aliyeshinda karata.

Mlango ukafunguliwa, akaingia Komanda Védaste, mtu mfupi mwenye haraka. "Donat, saa kumi kamili dossier inapanda parquet. Na mugeni anapanda nayo."

Kila mtu mle ndani alijua maana ya kupanda parquet, kwa waendesha mashtaka. Muzee angelala gerezani mpaka hakimu apate nafasi. Na karatasi zake za ukaaji, zinazokwisha mwisho wa mwezi, nani angezipigia muhuri zikiwa na wizi juu yake? Wangemsindikiza hadi barriere ya mpakani na mfuko wake wa sindano, na Murara ingebaki na mlango uliofungwa.

* * *

Mama aliporudi Katoyi kungoja, Donat alivuta kiti karibu.

"Muzee, nieleze kazi yako kama unaeleza mutu mujinga."

"Hiyo ni rahisi," alisema Rasuli, na Ernestine akajikohoza ili asicheke.

Muzee alitoa mfukoni kisanduku kirefu kama kalamu mbili. Juu yake palichorwa ndege wa buluu anayechungulia maji, na majani yenye vidole vitano, kila mshipa wa jani umepigwa kwa dhahabu. Donat alikigonga kwa kucha.

"Mbao?"

"Karatasi."

"Hapana."

"Karatasi, Inspekta. Magazeti na daftari za zamani. Wanalowesha, wanatwanga, wanachanganya na uji wa mchele, wanabandika juu ya kibao, tabaka kwa tabaka. Ikikauka wanaikata katikati kwa msumeno, wanatoa kibao, wanaigundisha tena. Halafu ndugu yangu anachora, na brashi ya manyoya ya paka. Hiki kina miaka thelathini. Kilianguka ziwani Kivu, kikaelea, nikakifuata na pirogue."

Donat aligeuka akaliangalia rundo la dossier kabatini kwake. Katika maisha yake yote hakuwa amefikiri kwamba karatasi inaweza kufaa kitu.

Ndani ya kisanduku mlikuwa na nyuzi, zimeviringishwa kwenye vijiti vidogo.

"Hizi zote ni nyekundu moja," alisema Donat.

"Ni nyekundu arobaini na moja. Hii ni ya shali iliyokaa karibu na dirisha. Hii ni ya shali iliyofungiwa ndani ya sanduku, haijaona jua. Hii ya bibi mmoja aliyelia sana, chumvi imeipausha." Alizigusa moja moja kama anazisalimia. "Kwetu Srinagar shali ikifa hatuitupi. Tunatwaa nyuzi zake, zinaenda kuponya zingine."

"Kwa hiyo uzi wa kushona shali ya mama ulitoka humu? Haukutoka ku shali yenyewe?"

"Pindo lake lilikuwa jembamba. Sikutaka kumpunguzia mama nguo yake. Nilitwaa hiki." Alionyesha kijiti kilichobaki na uzi kidogo. "Siku tisa. Uzi mmoja juu, mmoja chini, kama mfumaji mwenyewe alivyopita. Yule mfumaji alikaa miezi kwenye kitanda cha kufumia. Yule wa maua alishona mwaka mzima, labda na nusu. Mimi ni nani wa kuweka jina langu katikati yao? Mchonga mbao wetu anasifiwa, mchoraji anasifiwa, mfuma zulia anasifiwa. Mimi ninasifiwa nisipoonekana."

"Na uliifua?"

"Nilisuuza na maji baridi kabla ya kushona. Maji tu, sabuni kwangu haiingii. Halafu niliiviringisha juu ya gogo laini, siku mbili. Ilikuwa imechoka sana, maskini."

"Basi huko kwenu munaunguzaka sana mashali?"

"Kwetu baridi ni kali, Inspekta. Moto tunauvaa. Chungu cha makala ndani ya kikapu, kinaingia chini ya kanzu, hapa tumboni. Mtu anatembea nacho sokoni."

Ernestine aliinua kichwa. "Chef, niandike kwamba kwao watu wanavaa mbabula?"

"Andika," alisema Donat. "Ni mambo mangapi tumeandika humu ambayo ni ya ajabu kuliko hayo?"

Alichomoa uzi mmoja kwenye kishada cha shali, akauwasha kwa kiberiti. Uliungua polepole, ukanuka kama nywele, ukawa majivu. Sufu ya kweli. Sasa mwizi gani anachukua shali ya kweli na kuacha nyingine ya kweli? Alimpelekea Komanda wazo hilo mlangoni.

"Wazo ni zuri," alisema Komanda. "Lakini parquet haipokeaki mawazo. Inapokeaka ushahidi."

* * *

Habari kutoka mtaa wa Birere ililetwa na Ernestine mwenyewe. Shangazi yake aliona huko, kwa Julien muuza mitumba, shali nyekundu yenye maua na tundu. Donat alipanda pikipiki. Njia nzima roho ilikuwa nzito, kwa maana kama shali ile ndiyo, basi yule mzee wa nyuzi arobaini na moja alikuwa mwongo hodari kuliko wote aliowahi kuwahoji, na Donat alikuwa ameshaanza kumpenda.

Julien hakungoja kuulizwa.

"Patron! Karibu! Hii ilitoka ku Inde, ku milima, mbuzi wenyewe banaishi mahali ndege haifiki. Bibi yako akiivaa, ataacha kukugombeza."

"Tundu hii?"

"Ni ya kupitisha hewa."

Tundu lilikuwepo, kubwa kama haragi, na wekundu ulikuwa karibu sana. Donat alipitisha kidole ukingoni: mgumu, una vinundu kama plastiki iliyoyeyuka. Akachomoa uzi kwenye kishada, akawasha kiberiti. Uzi ulijikunja, ukatoa moshi mweusi, ukadondosha tone lililogandia kiatuni kwake.

"Mbuzi wako amekula beseni," alisema Donat.

"Patron, lakini inaletaka joto sana!"

"Italeta. Ni mutoto wa jerikani." Alitoa kadi yake ya kazi, na bei ya shali ikashuka mara tatu kabla hajafungua mdomo.

Basi si hiyo. Roho ikapungua uzito, lakini saa ilikuwa imefika saba, na alichokuwa nacho mkononi ni kiatu chenye tone la plastiki.

* * *

Mama Nyirakamana alikuwa anafua. Ua wake ulikuwa wa mawe meusi ya volkano, na juu ya mawe nguo zilianikwa nyeupe kiasi kwamba Donat alikunja macho. Kuna wake wanaofua nguo zikatakata. Huyu alifua mpaka nguo zikasahau zilikuwa za nani.

"Umenifungia mwizi?" aliuliza bila kuacha.

"Bado. Mama, ile shali ulipataka wapi?"

"Bwana yangu Jean de Dieu, Mungu amupokee. Kulikuwa docteur mmoja Muhindi, jeep yake ilizama ku matope njia ya Rutshuru. Bwana yangu alivuta ile jeep na ng'ombe kumi na mbili."

"Kumi na mbili!"

"Mwanzo ilikuwa saba. Kila mwaka aliongeza moja, na alibakia na miaka tano mbele ya kufa." Alicheka kidogo, akajifuta jicho na kiwiko. "Docteur akatoa shali ku bagaji, akamupatia. Akasema ni ya mama yake. Sasa siku ya posho, hii Jumamosi, mujukuu wangu Umwiza anaolewa, nilitaka kumuwekea ile shali ku mabega. Sasa nimuwekee nini? Kitu ya mwizi? Jean de Dieu atanizomea kutoka huko aliko."

Hapo Donat alielewa kwamba hata mzee akifungwa, mama huyu angerudi nyumbani bila shali yake.

"Ulikuwa unaifuaka namna gani?"

"Vizuri! Kila Pasaka, miaka kumi na nane. Maji ya moto, sabuni ya unga ya kutosha, nasugua hapa." Alipiga jiwe la volkano kwa kiganja.

Donat alifumba macho. Akilini alimwona Rasuli akisikia neno sabuni, na jiwe hilo, akazimia.

* * *

Njiani alisimama kwa Harelimana, mbadilishaji pesa mwenye meza yake kwenye kona, ili apate noti ndogo za kumlipa mtu wa pikipiki. Harelimana alikuwa na kijisanduku cheusi chenye taa ya zambarau, anaingiza humo kila noti ya dola, anachungulia, anatoa. Donat alinyoosha mkono kupokea noti zake, na mkono wa shati ukapita chini ya taa. Uliwaka buluu, kama umeshika moto wa pombe kali.

Aliurudisha chini ya taa. Ukawaka tena.

"Hii ni nini?"

"Sabuni ya unga, Inspekta," alisema Harelimana bila kushangaa. "Iko na dawa ndani ya kung'arisha, inabakiaka ku nguo. Bibi yako anakupenda. Njo maana dola ikifuliwa ndani ya suruali, chini ya taa inawaka yote, tunaikataa. Karatasi ya kweli ambayo haijaguswa na sabuni inabakia giza."

"Rudilia ya mwisho."

"Isiyoguswa na sabuni inabakia giza."

Donat alikikamata kijisanduku kwa mikono miwili. "Naomba hii taa mupaka saa kumi."

"Na mimi nitafanya kazi na nini?"

"Kuja nayo."

* * *

Saa tisa na nusu madirisha ya ofisi yalifungwa, na blanketi la kijeshi likapigiliwa juu ya nyufa. Ndani walisimama Komanda Védaste, Ernestine, Mama Nyirakamana, Muzee Rasuli, na Harelimana aliyekataa kuiacha taa yake mikononi mwa serikali hata dakika moja.

"Ernestine, soma mama alisema nini juu ya tundu."

Ernestine alisogeza karatasi kwenye mwanga wa simu. "'Tundu kubwa kama haragi moja, na mukia kidogo, juu cheche ilibingirika mbele ya kuzimika.'"

"Sasa Muzee, kile kijiti chako."

Rasuli alitoa kijiti chenye uzi uliobaki. Donat akaomba simu izimwe, akawasha taa ya zambarau juu ya uzi. Giza. Akaiweka juu ya kofia nyeupe ya Komanda. Kofia ikawaka kama mbalamwezi, na Komanda akaivua upesi, akaitazama kama inamsengenya.

"Sabuni ya unga inawaka," alisema Donat. "Uzi wa Muzee haujui sabuni. Shali ambayo angeileta kutoka kwao, mikononi mwake ambamo sabuni haiingii, ingekuwa giza yote. Tuangalie hii."

Akaishusha taa juu ya shali.

Iliwaka. Si kwa nguvu kama kofia, kwa maana wekundu uliuficha mwanga, lakini iliwaka toka pindo hadi pindo, buluu iliyofifia kama makaa yaliyofunikwa na majivu.

"Pasaka kumi na nane," alisema Donat. "Mama, hakuna fundi duniani angeweza kuiga kufua kwako."

Donat alianza kuisogeza taa, ua baada ya ua, pembe ya kwanza, pembe ya pili. Kwenye pembe ya tatu, katikati ya ua la pili na la tatu, akasimama.

Hapo palikuwa na kitone cheusi. Kikubwa kama haragi. Na kilikuwa na mkia.

"Yesu wangu," alisema Mama Nyirakamana kwa sauti ndogo. "Njo hiyo. Njo yangu."

Komanda aliinama mpaka pua ikaingia kwenye mwanga. Chini ya taa ile ndipo ilipoonekana kazi ya siku tisa: nyuzi nyeusi zilizoingia kati ya zile zinazowaka, juu, chini, juu, chini, si moja iliyovuta nyingine, na pale cheche ilipokula shina la ua, shina limeshonwa upya likiwa limepinda vilevile, nukta kwa nukta. Ernestine alishika mdomo. Harelimana, ambaye kwa miaka kumi na tano hakuwa amekitazama kitu bila kukishuku, alisema tu, "Eeh."

"Zimeni," alisema Rasuli.

Wote waligeuka. Mzee alikuwa amefunika uso kwa mikono.

"Muzee, umeshinda!" alisema Komanda. "Dossier inafungwa hapahapa. Uko huru."

"Zimeni, tafadhali. Fundi gani anaachiliwa kwa sababu kazi yake imeonekana?"

Mama Nyirakamana alimsogelea gizani, akamshika kiwiko kwa mikono yote miwili. "Muzee wangu, unisamehe. Nilikuita mwizi."

"Mama," alisema Rasuli, "nimefanya kazi hii miaka arobaini. Watu wamesema asante, wamesema vizuri. Lakini hakuna mtu hata mmoja aliyenisifu mpaka nikafungwa." Akavuta pumzi. "Sasa nakuomba kitu. Nipe shali mpaka kesho jioni. Na unipe ile sabuni yako ya unga."

"Ya nini?"

"Niufanye ule uzi uwake kama wenzake."

"Wewe!" alisema Donat. "Si ulisema sabuni kwako haiingii?"

"Itaingia siku moja tu. Mungu ataangalia upande mwingine."

"Hapana," alisema Mama Nyirakamana, na sauti yake ilikuwa ile ya mwanamke aliyeolewa na mtu wa ng'ombe kumi na wawili. "Isiguswe tena. Siku ya posho nitamuwekea Umwiza ku mabega, nitaambia watu wote: humu ndani kuna tundu, na atakayeiona nitamupatia mbuzi."

Donat alikuwa bado na kazi moja. Procès-verbal, ile ripoti ya polisi, inataka mahali paandikwe. Aliweka ncha ya kidole juu ya kile kitone cheusi, akakibonyeza imara, akasema wafungue madirisha. Blanketi likatolewa, jua la alasiri likaingia hadi mezani, na shali ikarudi kuwa nyekundu ya kahawa iliyoiva.

"Ernestine, andika. Pembe ya tatu, kati ya ua la pili na la tatu. Komanda, uone mwenyewe ukiwa na mwanga."

Akainua kidole.

Wakainama watano. Komanda alivaa miwani. Harelimana alipitisha ukucha. Mama Nyirakamana aliinua shali kwenye jua, akaigeuza nyuma, akaigeuza mbele.

"Ilikuwa hapa," alisema Donat. "Kidole kilikuwa hapa."

"Labda ni ua hili lingine," alisema Komanda.

"Chef," alisema Ernestine, vidole vikingoja juu ya mashine, "saa kumi imefika. Niandike nini?"

Nyuma yao kifuniko cha kisanduku kilifungwa, tak. Muzee Rasuli alikuwa ameshashusha miwani yote miwili, amesimama mlangoni na mfuko wake wa sindano begani, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi alikuwa anacheka.

"Andika kwamba tundu limeonekana," alisema Inspekta Donat. "Halafu andika kwamba limepotea tena."